Bidole Tatu ya Mulango ya Syntiche

Basikilizaji bapendwa, yambo yenu. Yambo ku bale beko mu nyumba, yambo ku bale beko mu njia na téléphone ku sikio. Na yambo ya pekee ku bale benye kutoka mu kitanda inabashinda. Leo kipindi ni yenu, mbele ya bengine bote.

Mi njo Daniella, wa club ya radio ya masomo yetu, hapa mu commune ya Kenya, Kenya ya muji yetu, hapana ile inchi. Leo tunakumbuka Syntiche Tshibola. Minarudilia jina: Syntiche Tshibola. Alikuwa na miaka makumi mbili na sita. Alikuwa anachora bintu na ma-crayon ya rangi. Alizaliwa ku Kenya, alikomea ku Kenya, na miaka ine ya mwisho aliikala mu chumba moya. Chumba moya, basikilizaji.

Shida ya radio ni hii: picha haionekane. Basi nitabaelezea moya. Fungeni macho. Kama munaendesha motokari, musifunge, sikieni tu.

Kuko meza kadogo ya mbao. Juu ya meza kuko mukate, ya leo asubui. Pembeni ya mukate kuko boulon, ile chuma ya kukaza gurudumu ya camion, kubwa kama ngumi, na mafuta nyeusi mu mistari yake. Mukate inaonekana ya moto. Boulon inaonekana ya baridi. Unaangaria, unasikia njaa, na mara moya unasikia uzito mu mukono. Yote ni crayon ya rangi, paka crayon tu. Na juu ya mukate na juu ya boulon kunapita mistari ya kivuli, kutoka juu mupaka chini, sawa sawa. Ile mistari, muichunge mu kichwa. Tutairudilia.

Syntiche alikuwa mutoto ya Mama Léonie, mwenye anauzishaka mafuta ya mawese ku soko ya Kenya. Baba yake, Papa André, alitumikaka ku ma-train, na alikufwa Syntiche angali kamutoto. Yaya yake, kaka mukubwa, ni Guelor, chauffeur ya camion ya mizigo, njia ya Kasumbalesa, kule inchi yetu inagusana na Zambia. Njo familia yote: mama, Guelor, Syntiche.

Syntiche alizaliwa na SS, ile ugonjwa ya damu. Bale beko nayo mu nyumba banajua. Mufupa inauma mupaka muntu analia bila sauti. Mutoto anakosa masomo juma mbili, anarudia, anakosa tena. Bengine beko ku calcul, hesabu ya kugawanya, yee iko ku kuongeza. Bengine banacheza mu njia, yee iko ku hôpital.

Na ni ku hôpital njo yote ilianzia. Alikuwa na miaka tisa. Mama Léonie anaielezeaka vile:

"Nilimuletea ndizi. Infirmière aliachaka seringue ya plastiki pa meza, bila sindano. Mutoto akaangaria ndizi, akaangaria seringue. Akaniambia: 'Mama, ona, sasa ndizi iko laini zaidi.' Mi nikamwambia: 'Kula, acha michezo.' Hakukula. Alilomba crayon."

Ndizi na seringue. Njo picha ya kwanza.

Kutoka ile siku, alichoraka paka vile. Hakuchoraka bantu. Hakuchoraka maua. Bintu mbili pa meza, na ile mbili ni lazima bipigane. Kimoya laini, kingine kikali. Kimoya kinangaa, kingine kiko na vumbi. Alikuwa anaita vile "kintu na adui yake". Ulikuwa ukienda kumuona, ukimuuliza, Ya Syntiche, ni kusema yaya Syntiche, nikuletee nini, hakulombaka matunda, hakulombaka biscuit. Alisemaka: "Uniletee kintu na adui yake."

Na avenue yote, njia yetu yote, ililetaka.

Mama Abigaël, mwenye anauzisha maji ya baridi pa kona, siku moya alileta kipande ya barafu na kala ya moto, mu sahani moya. Aliingia na mbiyo, sahani mbele. "Syntiche! Chora! Chora mbiyo!" Syntiche alicheka mupaka mufupa ikamuuma. Wakati alimaliza kuchonga crayon, barafu ilishakuwa maji, kala ilishazimika. Akaangaria sahani. Akasema: "Mama Abi, balishapatana."

Papa Clément, mécanicien, yee alikuja na bibi yake, mikono mitupu.

"Nimeleta kintu na adui yake," Papa Clément anasema.

Bibi yake akamupiga na kitambaa. "Njo nani adui?"

"Mi sikusema jina ya muntu."

"Na we njo kintu? Kintu gani ya kulala mupaka saa ine ya asubui?"

Syntiche akabaambia, pole pole, kama vile alisemaka: "Muikale pembeni pembeni, papa. Hapana vile. Kivuli ya mama inakufunika yote."

Mi nilikuwa naenda kuikala pembeni yake kisha masomo. Sikuwa na maneno mingi, na yee hakuwa na maneno mingi, basi tulisikilizanaka muzuri. Niliona kazi yake. Alikuwa anachonga crayon na wembe, hapana na taille-crayon, ile kichongeo ya masomo, juu alitaka ncha murefu kama mwiba. Alikuwa anaweka karatasi ingine chini ya mukono, juu ya jasho. Rangi hakuipigaka mara moya. Alikuwa anapita mwepesi, anarudia, anapita tena, rangi juu ya rangi, mupaka karatasi inakuwa kama ngozi. Na crayon ya nyeusi hakuigusaka. Giza alikuwa anaitengeneza na bleu, na nyekundu, na kijani. Alisemaka giza iko na rangi mingi, muntu mwenye anaikala mu chumba anajua.

Na crayon ya nyeupe? Ile alikuwa anapatia batoto. "Hii ni ya bongo, inadanganya," alisemaka. Fasi ya nyeupe, ile kungaa ya boulon, ile kungaa ya yai, ni karatasi yenyewe. Ukishapita na rangi, basi, haurudishe tena. "Nyeupe haiongezwake, Daniella. Unaichunga tangu mwanzo." Basikilizaji bapendwa, ile neno nitairudilia ku mwisho.

Sasa tufike ku chumba.

Wakati Syntiche alikuwa na miaka makumi mbili, mufupa ya kiuno ya upande moya ilikufwa. Monganga njo alisema vile: mufupa ilikufwa. Akatembea na fimbo. Kisha ya upande ya pili nayo ikakufwa, na kutembea ikaisha. Mwanzo, Mama Léonie alikuwa anamubeba mu mugongo, asubui, kumutosha ku jua. Muntu mukubwa mu mugongo ya mama yake, kama mutoto ya miezi tatu. Bantu ba mu parcelle, ile kiwanja moya ya manyumba, balikuwa banageuza macho, kwa heshima. Kisha miguu haikufunguka tena ya kubebwa mu mugongo. Kumuinua tu ilikuwa kumuvunja. Kama ni lazima ya hôpital, babaume bane balimubeba mu shuka, kila moya pa kona yake, na yee anauma shuka mu meno juu asilalamike.

Basi alibakia mu chumba. Chumba iko nyumba ya nyuma, ya kupanga. Dirisha moya, na antivol, ile mafimbo ya chuma juu ya mwizi. Jua inaingia asubui tu. Inapita mu antivol, inaanguka pa meza. Munakumbuka mistari ya kivuli juu ya mukate na boulon? Njo ile. Antivol. Iko mu picha yote ya ile miaka. Juu ya kila kintu na juu ya adui yake. Hakuweza kuisogeza, basi aliichora.

Na sasa sikieni muzuri, juu hapa njo kisa yote iko.

Parokia ilimutafutia chaise roulante. Kiti ya magurudumu, ya nguvu, ya chuma, haikunjike, na mugongo inalala nyuma juu ya kiuno yake. Ile kiti ilifaa kabisa. Kwenye ile kiti, angeweza kuikala bila kuumia. Bangeiweka pembeni ya kitanda, angeteleza mwenyewe juu yake, angetoka. Mikono yake ilikuwa na nguvu. Alingojea ile kiti kama sikukuu ya Noël.

Kiti ikafika. Bakaisukuma ku mulango. Ikakwama.

Mulango ilikosa bidole tatu ya upana. Guelor alipima na mukono yake mwenyewe. Bidole tatu. Minarudilia, basikilizaji: bidole tatu.

Bakageuza kiti. Bakaiinua. Bakaiingiza na miguu mbele. Bidole tatu ni bidole tatu. Syntiche alikuwa pa kitanda, anaona magurudumu inaingia kidogo na inarudi. Ku mwisho akasema: "Muiache inje. Isichoke."

Kiti ikabakia inje, mu parcelle, mbele ya mulango. Yee ndani, kiti inje. Kuku bakaanza kulala juu yake.

Mwenye nyumba ni Papa Stéphane. Anaikala nyumba ya mbele, mu parcelle moya na beye. Na mbele ya kuendelea, mujue: Papa Stéphane mwenyewe njo aliniambia nitaje jina yake mu hii kipindi. "Sema," alisema. "Usifiche." Haiko muntu mubaya. Wakati Syntiche iko na crise, ile maumivu ya SS, motokari yake njo inamupeleka hôpital.

Mama Léonie alienda kumuona. "Papa Stéphane, tunalomba tuvunje kadogo pembeni ya mulango. Guelor atarudisha na ciment."

Papa Stéphane akajibu: "Mama, ile nyumba ilijengwa na marehemu baba yangu, na matofari ya udongo. Ukigusa ukuta na hii mvua, yote inaanguka juu ya mutoto. Tungojee mvua iishe."

Ilikuwa neno ya akili. Bakangojea mvua iishe.

Mvua ikaisha. Mama Léonie akarudia. Papa Stéphane akasema ukuta ilikunywa maji mingi, ikauke kwanza. Ukuta ikakauka. Papa Stéphane akapata kilio ku kwao, akasafiri. Akarudi. Mawingu nayo ikarudi. "Mama, tungojee mvua iishe." Mwaka ikapita vile. Ya pili ikapita vile. Mama Léonie alitafuta nyumba ingine. Yenye ilikuwa na mulango mukubwa, ilikuwa na ngazi. Yenye haikuwa na ngazi, mulango yake ilikuwa kadogo zaidi.

Guelor naye alikuwa mu njia siku zote. Yee njo alikuwa analeta ma-crayon, anainunua ngambo ya Zambia. Lakini munajua Kasumbalesa. Camion iko ku foleni siku mingi, haiende, hairudi. Alikuwa anapiga téléphone ku mudogo yake.

"Uko wapi, Ya Guelor?"

"Ku foleni."

"Unaona nini?"

"Nyuma ya camion ya mbele."

"Mi minaona ukuta ya jirani. We unanishinda, ile camion itatoka siku moya."

Guelor anasema alichekaka, na kisha alikuwa anazima téléphone, anaweka kichwa pa volant, ile usukani.

Mwaka yenye ilipita, kikundi moya ya bachoraji ilifanya exposition, kuonyesha bantu mapicha, mu salle moya ya town. Baliona picha ya Syntiche mu téléphone ya Guelor. Bakachagua kumi. Kumi ya Syntiche, ku ukuta, na mataa juu! Avenue yote ilifurahi. Mama Abigaël alishona nguo. Na Syntiche, kwa mara ya kwanza, alilomba kintu moya bila adui yake. Alimwambia mama yake: "Minataka kuenda. Hapana mu shuka. Minataka kuenda kama muntu ya kuikala, mikono yangu juu ya magurudumu."

Njo ile tu alitaka. Kuona picha yake ku ukuta ya bengine.

Ilikuwa mwezi ya tisa. Mvua hakuna. Ukuta mukavu. Mama Léonie akaenda ku nyumba ya mbele. Papa Stéphane akakubali! Akasema, siku ya samedi fundi atakuja. Samedi fundi hakukuja. Papa Stéphane akasema fundi iko ku chantier, anajenga ku Luano, juma inakuja. Juma ilikuja, exposition ilipita.

Guelor alienda na picha. Akapiga téléphone ya vidéo, juu mudogo yake aone. Mi nilikuwa pembeni ya kitanda, nilishika téléphone.

"Guelor, inua téléphone," Syntiche anasema. "Minaona paka biatu."

"Bantu beko bengi! Banasukuma!"

"Inua."

"Naona bwana moya anauliza juu ya nini unapenda mistari. Anasema ni style ya muzuri sana."

Syntiche akaangaria dirisha yake. "Umwambie ni antivol."

Connexion ikakatika. Tukangojea. Haikurudi.

Akaniambia: "Niliona biatu mingi. Biatu ya muzuri."

Kesho yake, asubui, akalomba bintu mbili. Kiatu moya ya Guelor, ile ya camion, kisigino ililiwa upande. Na sandale yake mwenyewe, nyekundu, yenye Mama Léonie alimununulia ya kuvaa mu kiti. Aligeuza sandale, akaiweka na chini juu. Basikilizaji, nitabaelezea ile picha. Chini ya kiatu ya Guelor kuko njia yote ya Kasumbalesa: vumbi, mafuta, kajiwe kamoya kanakwama. Chini ya sandale hakuna kintu. Safi. Bei ya soko ingali inabandikwa. Na juu ya kiatu na juu ya sandale, ile mistari.

Kisha ile picha, akafanya kintu yenye hakuna muntu alingojea. Akatuma muntu ku nyumba ya mbele, alombe Papa Stéphane amuazime nyundo. Hapana nyundo yoyote. Ile ya marehemu baba yake, yenye ilijenga ile nyumba.

Papa Stéphane akaileta mwenyewe. Akabakia pa mulango, juu yee ni muntu munene, na mulango ni ile munajua.

"Mwanangu, nyundo ya nini?"

"Ya kuchora, papa."

"Na adui yake?"

"Yai."

Alichora juma tatu. Ile nyundo! Mupini iko na alama ya bidole ya muzee, mbao ilizama fasi alikuwa anashika. Kichwa ilitoboka toboka ya misumari. Na pembeni yake yai moya, nyeupe, ya mwepesi, mupaka unaogopa kupumua. Ile nyeupe ya yai, hakuna rangi. Ni karatasi. Mama Christiane, bibi ya Papa Stéphane, alinyoosha mukono juu aitoshe yai mbele nyundo iiangukie. Haikuwa michezo. Alinyoosha mukono kweli.

Papa Stéphane aliangaria sana. Akasema: "Hii ni mukono ya baba."

Syntiche akamurudishia nyundo. Akamwambia, na macho chini, juu alikuwa na haya: "Papa, nyundo yako iko na nguvu mingi. Niliichora juma tatu pembeni ya yai, haikuipasula. Mulango, itaiweza?"

Papa Stéphane alicheka. Alicheka muzuri, kama baba. "We mutoto! Itaiweza. Mvua hii ya kwanza ipite tu." Juu wakati ile, mvua ilikuwa inaanza.

Kisha ya pale, Syntiche hakulomba tena kintu ku muntu. Akamwambia mama yake aache mulango wazi muchana. Kutoka pa kitanda, alikuwa anaona kiti yake inje, mu jua, na kuku juu yake. Akaanza picha ya mwisho. Mulango na kiti. Kintu na adui yake.

Mi minaijua ile picha, kila kadogo. Kiti iko pale, chuma inangaa, kutu inaanza pa magurudumu, unyoya moya ya kuku pa kiti. Na ni picha moya tu ya ile miaka ine yenye haina mistari. Kiti iko inje. Antivol haiifike.

Mulango yenyewe, hakuichora. Aliiacha nyeupe, paka umbo yake, murefu, yenye kukosa bidole tatu. Niliuliza: "Ya Syntiche, mulango utaitia rangi gani?" Akasema: "Ningali ninaichunga."

Crise ilikuja siku ya jeudi. Babaume bane, shuka, kona kona. Mvua ilikuwa inanukia. Pa kutoka, neno yake ku Mama Léonie ilikuwa: "Mama, funika makaratasi, mvua inakuja." Motokari ya Papa Stéphane ilimupeleka. Dimanche, siku ya Mungu, asubui, Syntiche Tshibola alitutoka. Miaka makumi mbili na sita.

Basikilizaji bapendwa, kilio ilikuwa mu parcelle. Siku ya kuzika, balitosha sanduku ku morgue ya hôpital, bakaileta nyumbani, juu ya kuaga. Tantine Annie, yaya mukubwa ya Mama Léonie, alifika kutoka Mbuji-Mayi. Ni mama ya kusema na sauti. Akasema: "Huyu mutoto hakuaga chumba yake. Ataingia mu chumba yake, ataaga kitanda yake, kisha ataenda."

Bakabeba sanduku. Guelor mbele. Bakafika pa mulango. Ikakwama.

Mishikio ya sanduku, upande na upande. Bakajaribu tena. Muntu moya akasema tuinamishe. Tantine Annie akamugeukia: "Unainamisha nani? Ni matelas ya kulalia?" Muntu mwingine akasema, basi, tumuage hapa hapa inje. Tantine Annie: "Inje? Aliikala ndani miaka ine, na leo njo munamuonyesha inje?"

Wimbo ikakatika. Bantu bote pa parcelle, mvua kadogo inaanguka, sanduku mu mikono, na ile kiti ya magurudumu pembeni, kuku balikimbia.

Mama Léonie hakulia tangu asubui. Aliikala chini, ku mukeka. Akainua kichwa. Hakupandisha sauti.

"Papa Stéphane," akasema, "mvua ilishaisha?"

Papa Stéphane alikuwa na veste, koti ya kilio. Aliangaria chini. Akaenda ku nyumba yake. Tukafikiri alikimbia haya. Akarudi bila veste, na nyundo mu mukono. Ile nyundo. Bote tuliijua. Kila alama.

Akapiga.

Akapiga mwenyewe, hakukubali Guelor amusaidie. Cadre, ile mbao ya kuzunguka mulango, ikatoka. Tofari ya kwanza ikaanguka, ya pili, ya tatu. Mama ba kwaya bakaanza wimbo tena, juu ya kufunika ile sauti. Na mbele wimbo iishe, mulango ilikuwa wazi. Wimbo moya, basikilizaji. Wimbo moya tu.

Nyumba haikuanguka. Minarudilia: nyumba haikuanguka. Mvua ilikuwa inanyesha, na nyumba haikuanguka.

Bakaingia na Syntiche. Akaaga kitanda yake, akaaga meza yake. Akatoka mu mulango yake, mukubwa, na bantu upande na upande. Papa Stéphane alibakia juu ya matofari, vumbi mu kichwa yote, anaangaria nyundo kama hakuijua.

Kisha makaburi, Mama Léonie alichukua kiti, akaipanguza, akaisukuma. Ikaingia. Haikugusa fasi. Akaiweka pembeni ya kitanda, na akaikala chini, pembeni yake, mupaka bantu bakamutosha. Leo ile mulango ingali wazi. Balibandika bâche, turubai ya mvua, hakuna mulango. Asubui jua inaingia pale na inafika mupaka ku kitanda, bila mistari.

Guelor alitaka kumaliza ile picha ya mwisho. Alishachonga crayon ya brun, rangi ya mbao. Mama Léonie akamushika mukono.

"Acha," akasema. "Aliichunga."

Njo vile inabakia. Kiti na rangi yake yote, na mulango nyeupe.

Mama Léonie, Ya Guelor, Tantine Annie, familia yote, club yetu na avenue yote tuko pamoya na nyinyi. Mungu abashikilie, na amupatie Syntiche fasi kubwa. Papa Stéphane na Mama Christiane, na nyinyi pia tunabaombea, juu kilio yenu nayo iko nzito.

Na we mwenye unasikia. Hatukulombe kulia. Ukimaliza kusikia, simama pa mulango ya muntu moya mwenye haweze kutoka. Jirani, kambo muzee, mutoto, mupangaji. Weka mukono. Pima.

Kama inakosa bidole tatu, nyundo iko pale. Usingojee mvua iishe.